Ile Mbio Ilikuwa ya Kazi Gani?

Kosa langu kubwa la kwanza katika ualimu lilikuwa hili: nilipuliza firimbi, nikawatoa watoto darasani mbio, bila kumwambia mtu yeyote kijijini. Siku hiyo naikumbuka, mwanangu, kuliko siku niliyopata diploma yangu, kuliko hata siku ya ndoa yangu.

Nakuita mwanangu ingawa sijafika miaka thelathini na mitano na ndevu zangu bado zinahesabika. Kwetu mwalimu ni mzazi, na wewe unayekwenda kufundisha Kiingereza katika milima hii ya Masisi na Walikale unaanza pale nilipoanza mimi: kipande cha chaki, ubao uliopasuka, na woga. Sina mvi za kukuonyesha. Nina kosa hili, na nataka ulichukue kutoka kwangu lote lilivyo, ili usilazimike kulifanya wewe mwenyewe.

Kiingereza sikukisomea chuoni. Nilijifunza peke yangu, kwa redio ya baba na baadaye kwa simu yenye kioo kilichovunjika. Nilikuwa nikirudia sentensi moja mara ishirini nikiwafuata mbuzi kilimani. Aliyejifunza peke yake ana ugonjwa wake: anadhani kila anayemtazama anangoja akosee. Nilipopewa darasa la tatu la sekondari pale Kashebere, nilikuwa nikiandika somo langu dakika kwa dakika, na neno likikatwa katikati nilichana ukurasa na kuanza upya. Mwalimu wa Kifaransa, mtu wa mizaha, alikuwa akinikuta nimeinamia daftari na kuniuliza, "Titcha, leo iko Kiingereza ya redio ao Kiingereza ya mbuzi?" Nilicheka naye, kisha nikakosa raha siku nzima.

Kwenye simu nilikuwa na kitabu cha michezo ya kufundishia lugha. Kilikuwa kitabu kizuri, na sitaki ukichukie. Mmoja wa michezo yake ulikuwa huu. Mwalimu anabandika karatasi yenye sentensi mbali na madawati. Wanafunzi wanakaa wawili wawili. Mmoja anakimbia hadi kwenye karatasi, anasoma sentensi moja, anaishika kichwani, anarudi mbio na kumtamkia mwenzake, naye mwenzake anaandika. Kisha wanabadilishana. Watoto wanasoma, wanakumbuka, wanatamka, wanasikiliza na kuandika, yote kwa nusu saa. Mimi niliyekuwa na wanafunzi zaidi ya hamsini na kitabu kimoja niliona nimefunguliwa mlango.

Niliandika karatasi nane, sentensi moja kila karatasi, herufi kubwa, mistari ya rula. Niliziandika mara tatu. Zilisimulia kijiji chenye amani, ambako wanawake wanalima na watoto wanasoma. Kitabu kilisema ubandike ukutani, lakini kuta zetu za mbao zilikuwa karibu mno, nami nilitaka mchezo uwe mkali kuliko wa kitabuni. Nikazigongomea kwenye mikaratusi iliyo mwisho wa uwanja, pale unapoteremka kuelekea barabara. Nikapima umbali kwa hatua. Nikaazima firimbi ya mpira.

Nilifikiria kila kitu, mwanangu. Nilifikiria mvua, nilifikiria upepo, nilifikiria mtoto asiye na kalamu. Sikuwafikiria wanawake waliokuwa shambani, upande wa pili wa bonde, wanaoiona shule kama unavyouona mkono wako.

Kashebere ina wenyeji wake na ina waliokuja. Waliokuja walitoka Masisi wakikimbia vita, kijiji hadi kijiji, na mzigo kichwani. Mmoja wao alikuwa mama mzee tuliyemwita Koko Nyota. Kwetu koko ni bibi. Alitoka Burungu akiwa na mjukuu mmoja, Riziki, binti wa mtoto wake aliyefariki. Mjomba wa Riziki alikuwa akibeba mizigo kwenye vilima vya Rubaya, akionekana mara moja moja. Kwa hiyo walikuwa wawili tu. Koko alilima maharagwe na muhogo katika shamba la kuazima, na alilima kwa sababu moja, ambayo aliitangaza mpaka kisimani: Riziki atamaliza sekondari. Riziki alikuwa mwanafunzi wangu, na ndiye aliyekuwa bora. Alisoma kwa sauti bila aibu, jambo ambalo mimi mwenyewe sikuliweza.

Na watu hawa waliokuja hawangoji kusikia mlio wa bunduki. Wanatazama shule. Watoto wakitoka mbio kabla ya kengele, mama anashika aliye mgongoni na kuondoka. Ataulizia njiani. Hilo nililijua. Nami nimekua humu humu, nami nimebebwa hivyo hivyo. Ndiyo maana sijisamehe kwa urahisi: sikuwa mgeni asiyejua. Nilijua, ila asubuhi ile nilikuwa nikiitazama saa.

Nilipuliza firimbi. Nusu ya darasa ikatoka kwa kelele, ikateremka uwanja. Wakarudi mbio, wakatoka tena. Darasa la kwanza, waliokuwa jirani, waliwaona wakubwa wanakimbia nao wakatoka. Kisha la pili. Nilikuwa nimesimama mlangoni na saa mkononi, na nitakuambia jambo ambalo sikulisema hata kanisani: nilifurahi. Niliona tunakwenda haraka kuliko nilivyopanga.

Ndipo nikasikia sauti ya mwanamke ng'ambo ya bonde, neno moja tu, refu. Nikainua macho. Wanawake walikuwa wanateremka mlima, majembe yameachwa yamesimama kwenye udongo. Barabarani watu wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, walitupa magunia na kukimbia na chukudu tupu. Nyumba zilitema watu. Mzee mmoja alipita mbele yangu na sufuria ya maharagwe inayofuka moshi, hakuwa na kitu kingine.

Prefe, mkuu wetu wa shule, alinijia akihema. "Mwalimu, banatoka wapi? Umeona nani?"

"Hakuna muntu, Prefe. Iko muchezo."

"Muchezo?"

"Muchezo ya Kiingereza."

Alinitazama, akatazama firimbi shingoni mwangu, akaondoka akipunga mikono kwa watu ambao hawakuwa wakimtazama.

Riziki alikuwa kwenye mkaratusi wa mwisho. Alijua ni mchezo. Alipoona kijiji kinakimbia, alielewa kabla yangu, akamtafuta bibi yake kwa macho, akamwona anashuka kuelekea kijito. Akamfuata akipiga kelele, "Koko! Koko, iko muchezo! Koko!" Lakini maneno hayafiki mbali, mwanangu. Kinachofika ni sauti. Mama yule mzee alisikia mjukuu wake anampigia kelele nyuma, na akaongeza mbio. Kwenye miti miwili tunayovukia kijito, miti iliyokuwa na utelezi, alianguka.

Watu walirudi mchana, wengine jioni. Wawili watatu walirudi kesho yake. Maharagwe yalikuwa yameungua katika kila jiko, na harufu ile nikiikuta hata leo mahali popote, natoka nje. Koko Nyota alirudishwa kwa machela. Mfupa wa nyonga ulikuwa umevunjika. Hospitalini walifanya walichoweza, wakasema hatalima tena.

Siku zilizofuata watu walinitania, maana hapa tunacheka ili tusilie. Nikipita barabarani, mama mmoja muuza ndizi aliita, "Titcha! Leo tufunge mizigo ao tupike?" Na wengine wakacheka. Nilitamani wanitukane tu.

Wiki ya pili Riziki hakuja shuleni. Nilijua kwa nini. Jembe lilikuwa limebaki mikononi mwake peke yake.

Nilikwenda kuomba msamaha. Lakini angalia jinsi nilivyokwenda: niliandika maneno yangu kwanza, ukurasa mzima, nikayanakili kwa usafi. Nilimkuta Koko amelala kwenye mkeka karibu na mlango ili apate mwanga, na Riziki anachambua sombe, majani ya muhogo. Nikasalimu, nikafungua karatasi, nikaanza kusoma. Sikufika mstari wa tatu.

"Mwalimu," Koko akasema, "weka ile karatasi. Karatasi yako ya kwanza ilishanivunja."

Riziki akainamisha uso. Nadhani alitaka kucheka, na mimi pia, na hakuna aliyecheka.

"Sasa nionyeshe huo muchezo," Koko akasema. "Minataka kuona kitu nilianguka sababu yake."

Sikuwa na la kufanya ila kumwonyesha. Niliandika sentensi moja nyuma ya karatasi yangu ya msamaha, nikaichomeka ukutani upande wa jiko. Riziki akainuka polepole, akaenda, akasoma, akarudi, akapiga magoti kando ya bibi yake na kuitamka. Mimi nikaandika. Akaenda tena. Nyumba ilikuwa ndogo, hatua nne. Koko alimfuata kwa macho, kwenda na kurudi. Hakuelewa Kiingereza hata neno moja, lakini nilimwona midomo ikitikisika pamoja na ya mtoto.

Tulipomaliza akaniuliza, "Ameandikisha yote?"

"Yote, Koko."

"Bila kosa?"

"Bila kosa."

"Na alitembea tu."

"Ndiyo, alitembea."

"Sasa ile mbio ilikuwa ya kazi gani?"

Nilitafuta jibu, mwanangu. Mimi niliyekuwa na jibu la kila dakika ya somo. Mbio hazikuwa za Kiingereza. Zilikuwa za saa yangu, na za mwalimu wa Kifaransa aone kwamba darasa la titcha wa mbuzi lina moto. Nikasema, "Sijui, Koko."

"Miye najua kuona batoto banakimbia," akasema. "Iyo njo radio yetu. Hatuna ingine. Sasa umeiharibu. Siku ingine batoto batatoka mbio kweli, na mama mwenye kuwa na tumbo nzito atasema, ah, iko ya mwalimu, acha nimalize kupalilia. Utamwambia nini uyo mama?"

Hakupaza sauti. Aliniomba nimsogezee maji, akanywa, akanishukuru kwa kumtembelea.

Nilijaribu kurekebisha. Jumamosi nilikwenda kulima shamba lao, nami nalima vibaya, na Riziki alikuwa akirudia nyuma yangu mistari niliyoipinda. Nilimpelekea daftari na masomo ya wiki. Kwa muda alisoma. Kisha daftari zilianza kurudi na udongo, halafu zikarudi tupu, na siku moja akaniambia kwa adabu, "Mwalimu, usiandike tena. Unachoka bure." Koko hakuumaliza msimu uliofuata wa mvua. Tulimzika Kashebere, mbali na watu wake wa Burungu. Mjomba alikuja kutoka Rubaya akamchukua Riziki, na leo nasikia ana watoto wawili na anauza unga kando ya barabara. Mtu aliyemwona aliniambia kwamba magari ya mashirika yakisimama, yeye ndiye anayewatafsiria wanawake wenzake. Sijui kama nifurahi. Mara nyingi silali vizuri nikiwaza hilo neno, wenzake. Angeweza kuwa ndiye anayekufundisha wewe.

Sasa nisikilize. Tumia michezo. Usirudi kwenye kuwaimbisha watoto vitenzi ubaoni kwa kuogopa kisa changu, maana lugha inataka midomo yao, siyo yako. Lakini kabla ya kucheza, jiulize kila kipande cha mchezo kina kazi gani, na kile ambacho kazi yake ni wewe kuonekana hodari, kitoe. Kisha toka nje ya darasa. Simama pale wanaposimama wanaolima, uitazame shule yako kutoka huko. Kitabu kiliandikwa na mtu ambaye mtoto akikimbia mbele yake anaona mtoto anakimbia tu. Wewe unafundisha mahali pengine. Na kama wewe ni kama mimi, mtu wa kufuta na kuandika upya, jua kwamba usafi wa karatasi si uangalifu. Nilikuwa msafi sana siku ile. Uangalifu ungekuwa kupita nyumba kwa nyumba jioni ya kabla na kusema, "Mama, kesho batoto batatoka inje, iko masomo, musiogope." Maneno yasiyozidi kumi. Sikuyaandika katika somo langu.

Mungu akupe wanafunzi wanaosoma kwa sauti bila aibu. Akupe mzee wa kukuambia uweke karatasi chini, na akupe masikio ya kumsikia kabla mtu hajaanguka. Wazazi wakiitazama shule yako kutoka mashambani, waione imetulia, warudi kwenye majembe yao.

Mchezo ule bado naufundisha. Karatasi ziko ndani, kwenye kuta zile zile za mbao, hatua sita kutoka kwenye madawati, na wanafunzi wangu wanatembea. Firimbi niliirudisha. Kila muhula, kabla ya somo lolote jipya, napita kwanza kwa akina mama. Na tangu siku ile, Kashebere mtoto wa shule akikimbia, si mimi niliyemkimbiza.