Ndege Aliyeimba Polepole

Fuuu-wii. Kisha kimya, kisha wimbi moja likijivuta mchangani kama mtu anayeburuta shuka. Mama Kanda aliisikia sauti hiyo kwa mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini na mitatu, wiki yake ya pili kazini, katika chumba cha chini ya ngazi ambamo redio ilihifadhi sauti zake zote.

Jina la Mama Kanda alipewa na watangazaji, na likamganda hata kabla hajawa mama wa mtu. Chumba chake kilikuwa na rafu za chuma mpaka darini, na juu yake makasha ya kadibodi yamesimama bega kwa bega. Kanda ikianza kuharibika hutoa harufu ya siki, kwa hiyo kila asubuhi alipofungua mlango alisimama kwanza akanusa, kama mpishi anayekagua sufuria aliyoiacha usiku. Kazi yake ilikuwa kusikiliza, kuandika kilichomo, na kanda ilipokatika, kuikata sawasawa kwa wembe na kuiunga upya.

Kasha lenye sauti ile lilimfikia limelowa mvua, karatasi yake imebanduka. Lilikuwa limebaki neno moja tu, "kisiwani", na mchoro mdogo wa ndege. Mashine yake ilikuwa na mwendo wa namna mbili, wa haraka na wa polepole, na kasha lisiloeleza mwendo lilikuwa na dawa yake: unamtafuta binadamu ndani ya kanda. Akiongea kama panya, unapunguza. Akiongea kama mlevi, unaongeza. Lakini katika kanda hii hakukuwa na binadamu hata wa kukohoa. Aliyerekodi alijikalia kimya, akawaachia nafasi ndege na bahari. Mama Kanda akajaribu mwendo wa haraka, akasikia fujo ya vijilio. Akajaribu wa polepole, na chumba kizima kikatulia. Akaandika kwenye kasha jipya, kwa mwandiko wake mzuri: polepole.

Miaka ikapita na sauti ile ikapata kazi. Kila jioni ilitangulia kipindi cha hadithi za watoto, na nyumba nyingi zilijua kwamba ndege wa redio akishalia, mtoto hana tena ruhusa ya kuomba maji. Mumewe, ambaye alikuwa fundi saa, aliichukua akaifanya hodi yake. Akirudi kutoka dukani alisimama getini na kupiga mluzi, fuuu-wii, mara moja tu, na mkewe akajua aongeze kikombe mezani. Hata mwaka wake wa mwisho, pumzi zilipokuwa za kuhesabu, bado alisimama getini akajaribu.

Miaka minne baada ya kumzika, Mama Kanda aliunguza birika mbili ndani ya mwezi mmoja. Zote zilikuwa za kupiga filimbi maji yakichemka, na zote zilipiga, majirani ni mashahidi. Daktari wa masikio alimvalisha vipokea sauti, akamwambia ainue kidole kila akisikia kitu. Kidole kilikaa sana gotini. Daktari akamweleza kwa upole kwamba sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kuondoka, na nene zitafuata kwa wakati wake.

Alirudi nyumbani akaandika barua kwa wasimamizi wa hifadhi ya kisiwa ambako, kwa maelezo ya wakongwe wa redio, kanda ile ilirekodiwa. Hakuomba makubwa. Aliandika kwamba amekaa na ndege wao miaka thelathini na moja bila kuonana, na kwamba angependa kumsikia mara moja kwa masikio yake mwenyewe kabla hayajafungwa. Kisiwa kile kilipokea wageni wachache mno kwa mwaka, na jibu lilikaa miezi saba njiani. Lilikuja na ruhusa ya watu wawili, usiku mbili.

Mtu wa pili alikuwa wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke ambaye siku akinyamaza huwa habari ya mtaa.

"Watu wa umri wako wanafuata vipimo vya sukari," wifi alimwambia huku tayari akikunja nguo. "Wewe unafuata ndege. Nami nakufuata wewe. Sijui nani hapa ana akili."

Baharini wifi alitapika mara tatu na kati ya hizo mara tatu akasimulia. Walipofika, mlinzi wa kisiwa, mwanamume mrefu mwenye mvi za kidevuni, aliwazuia wasikanyage kwanza. Alileta beseni na brashi, akawataka wasugue soli za viatu, wakung'ute soksi, wageuze mifuko ndani nje, maana mbegu moja ya ugenini ingeweza kuharibu kilichochukua maelfu ya miaka kujiotea. Ndani ya mkoba wa wifi alikuta chungwa.

"Chungwa la watu limekosa nini?" wifi akauliza.

"Chungwa halijakosa, mama. Mbegu zake ndizo hazina adabu."

Ilibidi wifi alile palepale, ndani ya boti, na kumkabidhi mlinzi mbegu tisa kiganjani kama mtu anayerudisha vito vya wizi.

Kisha wakaingia kisiwani, na Mama Kanda akahisi kama ameingia ndani ya kitu ambacho hakijawahi kupewa jina. Miti ilikuwa ya aina isiyoota kwingine popote, yenye magome laini ya rangi ya maziwa, na kuvu za manjano zilizowaka kivulini kama taa zilizosahauliwa. Kobe wakubwa walilala njiani na hakuna aliyewaambia wapishe. Viumbe wa pale hawakuwa wamefundishwa kuogopa. Kijidege cha kijivu kilitua juu ya kofia ya wifi, kikatembea ukingoni kikimchunguza, naye akavumilia robo saa nzima bila kutikisa shingo, akinong'ona kwamba kama kina shida kiseme.

Jambo moja tu lilimsumbua Mama Kanda, bahari. Ile ya kwenye kanda ilikuwa ikipumua. Hii ya hapa ilikuja na kuondoka, ikaja na kuondoka, kama mtu aliyesahau kitu sokoni.

"Bahari ya hapa ina haraka," alimwambia wifi.

"Bahari ni bahari. Labda imesikia unakuja."

Asubuhi ya pili mlinzi aliwapeleka kwenye uwazi kati ya miti, akawaonyesha gogo la kukalia. Hawakungoja sana. Ndege alishuka chini kabisa, hatua mbili kutoka miguuni pao, mdogo kama ngumi, rangi ya mdalasini, na doa jeupe kooni. Akawatazama. Akafungua mdomo.

Wifi alimshika mkono. Mama Kanda aliliona lile doa jeupe likitetemeka, likivimba, likitetemeka tena. Alisikia majani. Alisikia mawimbi na haraka yao. Aliinamisha kichwa upande wa kulia, akainamisha upande wa kushoto.

"Ameanza?" akauliza.

Wifi alimgeukia mlinzi, akagusa sikio lake mwenyewe, akatikisa kichwa.

Mlinzi alielewa, na kwa kutaka kumfariji mgeni wake akaanza kusimulia. Alisema wao walinzi, redio iliposhika, walikuwa wakimsikiliza ndege wa kipindi cha watoto na kucheka. Walimwita binamu mwenye usingizi. Wimbo ulikuwa uleule hasa, ila huyu wa kisiwani alikwisha kuumaliza mara mbili kabla yule wa redioni hajaumaliza mara moja.

Mama Kanda alitazama baharini. Akaelewa ile haraka ya mawimbi. Akauona mwandiko wake mzuri juu ya kasha, na mkono wa msichana wa miaka ishirini na mitatu ukiandika polepole. Akawaza watoto wote wale waliolala, na mume wake getini, akipiga mluzi wa ndege ambaye hajapata kuimba hivyo mahali popote duniani. Machozi yalikuja, hakuyafuta.

"Wifi," alisema, "nipe ule mkoba mzito."

Ndani yake kulikuwa na kinasa sauti cha kanda cha redio, kile cha kutembelea nacho, alichokiazima ili arudi na kumbukumbu. Alikiweka juu ya gogo, akachagua mwendo wa haraka, akaelekeza kipaza sauti kwa ndege, na wakakaa dakika kumi, wifi akizibana pumzi zake. Kisha akarudisha kanda mwanzo, akavaa vipokea sauti, na kidole kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha mwendo, kikachagua polepole, mwendo unaonenepesha sauti.

Kwanza alimsikia wifi akimnong'oneza mlinzi asitikisike, kwa sauti ya fahali aliyeamshwa. Alicheka peke yake. Halafu wimbi likajivuta mchangani kama shuka. Halafu, fuuu-wii.

Akafumba macho, na ikawa jioni nyumbani kwake. Kikombe kilikuwa mkononi, gari moja lilipita barabarani, geti lililia kidogo kwenye bawaba zake.

Alipofumbua, alivua vipokea sauti, akachomoa waya ili wenzake nao wasikie. Ndege wa mdalasini alisogea hatua moja, akageuza kichwa upande, akaisikiliza ile mashine iliyojua wimbo wake lakini haikuwa na haraka. Wifi alimuuliza sasa watu wa redio atawaambia nini. Mama Kanda alikuwa amekwisha kutoa kalamu, na juu ya kasha jipya ameandika: haraka.

Ndege akafungua mdomo tena. Doa jeupe likatetemeka. Mama Kanda aliinama mpaka nywele zake za mvi zikakaribia majani, akamwambia kwa sauti ambayo hata wifi hakuishika yote:

"Wewe imba kwa mwendo wako. Mimi nakuja nyuma."