Vya Bure vya Mama Mkwe

Mlangoni mwa ile supamaketi walitundika bango kubwa la manjano: UKIKUTA BEI YA KWENYE RAFU SI SAWA NA BEI YA KWENYE MASHINE, BIDHAA NI YAKO BURE. Watu walilipita kila siku wasilisome. Nani ana muda wa kusoma mabango? Mtu anaingia, anachukua mchele wake, analipa, anatoka akinung'unika kwamba maisha yamepanda. Wenye duka nao walitegemea hivyo hivyo. Bango la namna ile hutundikwa ili lisisomwe.

Na hiyo bure yao, jamani, isikudanganye. Hakuna tajiri anayegawa mafuta ya kupikia kwa huruma. Kila kilichotoka bure kilikatwa kwenye mshahara wa mtu, na mtu mwenyewe alikuwa mwanamke mmoja, mbandika lebo za bei. Wenzake walimwita Mama Lebo, ingawa mtoto hakujaliwa.

Kazi yake ukiisikia utadhani ni mchezo. Bei mpya zilitoka makao makuu zikaingia zenyewe kwenye mashine za kulipia. Kwenye rafu, haziingii zenyewe. Mama Lebo alifika alfajiri, milango bado imefungwa, akachapa lebo kwa kimashine kilichokuwa kikikwama kila baada ya muda, kisha akalizunguka duka zima, kutoka kwenye sabuni mpaka kwenye maziwa, akichomoa za jana na kuchomeka za leo. Zamani walikuwa wawili. Mwenzake alipoacha kazi, meneja alimwambia, "Wewe ni hodari, utaweza peke yako." Bosi akikusifia hivyo, jua umekwisha. Kila asubuhi milango ilifunguliwa kukiwa na kona ambayo hakuwahi kuifikia.

Alikuwa mjane. Baada ya mazishi watu wa kwao walimwita arudi, akakataa. Angemwachia nani mama mkwe? Yule mama mtoto wake alikuwa mmoja tu, na ndiye huyo waliyemzika. Basi wakabaki wawili kwenye vyumba viwili, na picha ya marehemu ukutani juu ya redio, anacheka utadhani kuna mtu amemtekenya.

Marehemu alikuwa mtu mwema, ila mdomo wake ulikuwa na chumvi nyingi. Siku aliyomleta mchumba nyumbani alimwambia mama yake, "Huyu unayemwona ni karani wa ile supamaketi. Anakaa ofisini, ghorofani, na kompyuta yake mbele." Mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Ulikuwa utani, angeusahihisha kesho yake. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa miaka, mama akatangaza soko zima kwamba mkamwana wake ni mtu wa ofisini. Sasa marehemu yuko chini ya udongo. Haya, wewe ungeweza kumkalisha mama mtu ukamwambia mwanao alikudanganya? Mama Lebo hakuweza. Kila alfajiri alitoka nyumbani na gauni zuri na mkoba, akifika stoo anavua, anavaa sare na aproni yenye mifuko ya lebo.

Mama mkwe naye aliuza maharage sokoni tangu ujana wake mpaka magoti yalipogoma. Kwenye meza yake, bei ukishaitaja umeitaja, hata kama umejikaanga mwenyewe. Alipofiwa alikaa akitazama ukuta, chakula anakigusagusa tu, mpaka siku alipotumwa chumvi na akasimama kulisoma lile bango. Alilisoma polepole, kwa miwani ya marehemu mwanawe, ambayo ilikuwa pana mno usoni pake hata ikabidi aishikilie kwa kidole.

Jioni ile Mama Lebo alimkuta amesimama mlangoni, hajasimama hivyo tangu msiba.

"Mwanangu! Njoo uone! Nimewakamata!"

Juu ya meza palikuwa na dumu la mafuta. Mama Lebo alilitazama, akajua papo hapo ni rafu ipi.

"Rafuni wameandika hivi, mashine inasema vile," mama mkwe alisema, akicheka na kukohoa. "Nikawaambia, bango lenu lile pale mlangoni, au mimi ndiye sioni? Wakanipa. Bure! Lakini mwanangu, huko kwenu kuna mtu mzembe, sijapata kuona. Na usije ukasema huko ofisini kwamba mimi ni mama yako, wasije wakadhani unanipenyezea siri."

"Sitasema, Mama."

Wakapika kwa mafuta yale. Mama mkwe alikula, akaomba aongezewe. Mwisho wa mwezi mshahara ulikuja umepungua, na Mama Lebo akaona moyoni kwamba si neno, kama dumu moja la mafuta limemrudisha mtu mezani.

Tatizo ni kwamba halikubaki moja. Bibi alionja, akanogewa. Kila asubuhi alijitanda kanga yake, akashika kikapu, akaingia kazini. Ndiyo, kazini, maana alizipita rafu zile moja moja kama mkaguzi wa serikali. Akapata sabuni. Akapata unga. Akapata dawa ya mswaki ambayo yeye mwenyewe, kwa meno yale, hakuwa na haja nayo sana. Wafanyakazi walimpa jina la Bibi Miwani, na hakuna aliyejua ni mama wa nani.

"Mama Lebo, bibi yako huyo kafika!" keshia wa kaunta ya mwisho alikuwa akimtania. "Leo anakumaliza!"

Wote wanacheka. Mama Lebo naye anacheka, kisha anakimbilia stoo, anajibanza nyuma ya magunia ya sukari mpaka aambiwe bibi ametoka. Huko gizani aliumia, tusifichane. Alimpenda yule mama, na kuna siku alimchukia, halafu akajichukia mwenyewe kwa kumchukia.

Alijaribu kumwelekeza duka lingine. Mama mkwe akasema liko mbali, na isitoshe huko hawakosei. Jioni moja, wakichambua mchele, akajipa moyo.

"Mama, nimesikia wale wanaobandika lebo wanakatwa mshahara kwa hivi vitu."

"Wakatwe! Mimi nikikosea sokoni nani alinilipia?" Mama mkwe akatupa kijiwe dirishani. Kisha sauti ikalegea. "Unajua, mwanangu angekuwepo angecheka mpaka alie. Kila nikiwakamata nafika hapa namhadithia." Akaonyesha picha kwa kidevu.

Mama Lebo akainamia sinia lake. Neno lilikuwa limefika ulimini, likarudi.

Halafu meneja akamwita. Hakumpa kiti. Alimwambia hasara imezidi, hili ni onyo la mwisho, lebo moja tu nyingine na atafute pa kwenda. Mama Lebo akaanza kufika kabla hata mlinzi hajamaliza usingizi wake. Alikagua, akarudia, akarudia tena, mpaka usingizini akawa anaota tarakimu. Makosa yakaisha. Meneja alipopita alitikisa kichwa kuridhika, na hiyo ndiyo ilikuwa nyongeza yake ya mshahara.

Nyumbani mambo yakageuka. Bibi akawa anarudi na kikapu kitupu. Siku za kwanza alisema, "Kesho watakosea tu." Baadaye kanga ikabaki msumarini, miwani ikabaki juu ya redio. Akarudi kwenye ukuta wake. Mama Lebo akitoka alfajiri anamwacha amekaa kitandani, akirudi anamkuta vile vile, chai imepoa na utando juu.

"Mama, umekula?"

"Nitakula."

"Twende basi zahanati wakakuangalie."

"Wataangalia nini? Mimi siumwi, mwanangu. Nimechoka tu kuamka."

Alimpeleka hata hivyo, siku yake ya mapumziko, amemshika mkono njia nzima na kikapu kwenye bega. Daktari alimpa vidonge vya kuongeza damu. Walipokuwa wakirudi walipita ng'ambo ya supamaketi, na bibi hakugeuza hata shingo.

Usimlaumu Mama Lebo kwa alichofanya baada ya hapo. Au mlaumu, shauri yako, lakini mimi siwezi. Asubuhi iliyofuata, bei ya pakiti ndogo ya majani ya chai ilikuwa imepanda kidogo. Aliichapa lebo mpya, akaitia mfukoni mwa aproni, akaiacha ya zamani pale pale rafuni. Pakiti moja, tena ndogo. Alipiga hesabu kwamba kitu kidogo vile kitapitishwa kauntani bila hata kuandikwa, na kama kitaandikwa atamlipa keshia mwenyewe kimya kimya. Kabla ya kutoka nyumbani alikuwa amemwambia mama mkwe, kama mtu anayewaza kwa sauti, "Majani yamekwisha, Mama. Ukijisikia, leo chukua ile pakiti ndogo."

Bibi alijikongoja akaenda. Akasimama mbele ya ile chai. Akashusha miwani, akaipandisha. Alinunua pakiti moja kwanza, kama kawaida yake ya kutega, akasikia mashine inasema nini, na uso ukachanua.

Mama Lebo alikuwa akichungulia kwenye mlango wa stoo. Alimwona, akatabasamu peke yake kama chizi. Kilichofuata hakukipigia hesabu. Siku zote bibi alikuwa akiwakamata kwa siri yake, ajichukulie aende. Siku ile furaha ilimzidi. Aligeuka akapaza sauti yake ya sokoni, ile iliyouza maharage mvua na jua:

"Jamani njooni! Chai hii ni bure! Bango liko mlangoni, someni wenyewe! Njoo mama, na wewe baba, usipite, chukua haki yako!"

Ee Mola wangu. Watu waliokuwa na haraka zao wakageuza matoroli. Waliokuja kununua misumari wakakumbuka kuwa wanakunywa chai. Rafu ikabaki wazi, kaunta ya malalamiko ikajaa mpaka nje, kila mtu na pakiti yake mkononi, na bibi katikati yao ananyoosha foleni, anawaambia wenye watoto watangulie. Alikuwa anacheka. Mama Lebo hakuwa amemsikia akicheka vile tangu walipozika.

Mchana meneja alimwita. Safari hii mlinzi alikuwamo ofisini.

"Huyu bibi unamfahamu?"

Mama Lebo akashika mfuko wa aproni yake.

"Mlinzi aliwaona jana mkipita ng'ambo. Umemshika mkono, umembebea kikapu."

"Ni mama mkwe wangu."

"Ahaa! Kumbe mnakula pamoja!" Meneja akapiga meza. Halafu akapunguza sauti, akajifanya mtu wa haki. "Sikiliza. Mlete hapa kesho. Aniambie kwa mdomo wake kwamba hakujua wewe ndiye mbandika lebo. Nikimwamini, unabaki kazini. Umesikia? Unabaki."

Mlango ulikuwa wazi namna hiyo. Kumleta tu. Na bibi angesema kweli, maana kweli hakujua, na hajui kusema uongo hata kwa dawa. Lakini angesimama pale na miwani ya mwanawe usoni, asikie kwamba hakukuwa na ofisi wala kompyuta, kwamba mtoto wake alimdanganya akafa na uongo wake. Asikie kwamba mafuta, unga, sabuni, vyote alivyovileta nyumbani akivikimbizia kwenye picha, alikuwa akivitoa mdomoni mwa mkamwana wake. Angerudi kwenye ukuta ule, na safari hii asingeinuka. Isitoshe ile lebo ilikuwa bado mfukoni mwa aproni yake. Uzembe haukuwa uzembe tena.

"Simleti," alisema.

"Basi umefukuzwa, na polisi nawaita."

"Naondoka leo hii. Hela zangu za miaka yote sizidai, ziwe zenu. Ila yule mama akija, mwacheni. Asiambiwe neno."

Meneja alifikiri kidogo tu. Hela ile ya kiinua mgongo ilikuwa nono kuliko chai yote ya duka. Akamsogezea karatasi, Mama Lebo akasaini. Mlinzi alimfungulia geti huku anatazama viatu vyake.

Jioni ile bibi alihadithia mpaka akaishiwa pumzi. Aliigiza meneja, akaigiza foleni, akamgeukia marehemu ukutani akamwambia, "Umewaona?" Mama Lebo alicheka palipopasa kucheka. Kisha akaenda nje kwenye bomba, akafungua maji yapige kelele, akalia.

Siku hizi anafulia watu kwenye maghorofa ya upande wa pili. Bado anatoka alfajiri na gauni zuri na mkoba. Mikono imepasuka, na bibi alipoiuliza aliambiwa ni makaratasi ya ofisini, yanakausha ngozi. Bibi akampaka mafuta mwenyewe, kidole kimoja kimoja.

Rafuni wamewekwa vijana wawili, maana baada ya ile chai makao makuu yaliogopa. Hawakosei. Bibi bado anakwenda, si kila siku, na anarudi na kikapu kitupu. Juzi alivua miwani, akaiweka juu ya redio, akakaa mezani akitazama pakiti ya chai inayoelekea kwisha.

"Wamepata watu wanaojua kazi yao," alisema. "Yule wa kwanza alikuwa hajui kitu kabisa. Lakini nilimzoea. Mungu amsaidie huko aliko."

"Amina, Mama," mkamwana alijibu, akammiminia chai.