Sista Nasipwondi na Ubavu wa Kulalia

Mtaani Kibokoni mwanamke akishika mimba, wa kwanza kuambiwa ni mumewe, wa pili ni Sista Nasipwondi. Na wako waliomwambia Sista kwanza.

Si mwenyeji. Kwao ni Bungoma. Alikuja Mombasa kwa ndoa, mumewe Ogutu akifanya kazi bandarini. Wakakaa Tononoka, wakazeekea huko. Asubuhi Sista yuko zahanati, Ganjoni. Alasiri huzunguka majumbani na mkoba wake, kuwatazama waliokaribia kujifungua. Akichelewa, Ogutu humfunikia chakula. Mwenye wa kumfunikia chakula huona ni jambo dogo.

Ukunga wake una desturi moja. Haanzi na tumbo, huanza na mume. Humkalisha mbele yake, akamweleza mambo ya mimba, kisha akamtaka ayarudie yote kwa mdomo wake mwenyewe. Zoher, mwenye duka la makufuli na bawaba, ilipofika zamu yake alitoka jasho. Kila msumari dukani aujua kwa kuupapasa tu, lakini dalili za hatari alizikoroga, akarudishwa mwanzo kama mtoto wa chuo cha Kurani. Mkewe Naqiya, mimba yake ya kwanza imeshakuwa kubwa, alijifunika uso asionekane akicheka.

Mwisho Sista akamwambia Naqiya asilale chali tena, alalie ubavu wa kushoto. Zoher akarudia: ubavu wa kushoto. Sista akaridhika, akaenda zake.

Nyuma ya pazia alikuwapo Kulsumbai, mamake Zoher, akichambua mchele. Hakuulizwa neno, naye hakusema neno. Sista alipotoka ndipo akamwita mkaza mwanawe, akamwambia kwa upole kwamba kulalia kulia ni suna, na mjukuu wake hatalelewa kinyume tangu tumboni.

Basi siku zikapita. Jioni moja Sista yuko nyumba ya jirani ya kina Naqiya, simu ikalia. Zoher huyo. Mtoto hachezi. Tangu asubuhi hajacheza. Sista akamwambia aite tuktuk sasa hivi, waende hospitali, asingoje lolote. Yeye mwenyewe akavaa viatu mbiombio, akakata kichochoro.

Alimkuta Naqiya amekaa kitandani, mikono juu ya tumbo. Kulsumbai yuko mlangoni na tasbihi, vidole havisogei. Tuktuk bado. Sista akamlaza kiubavu, akatoa kile kipembe chake cha kusikilizia moyo wa mtoto, akakiweka tumboni, akainamisha sikio. Akakihamisha. Akainama tena. Wote wakamtazama yeye uso.

Akahamisha mara nyingine, akatulia. Akainua kichwa.

"Yupo. Moyo wenda vizuri."

Kulsumbai akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama.

Lakini Sista hakuwaacha wapumzike. Sikio lake si mashine, akawaambia, na mtoto aliyenyamaza lazima atazamwe mpaka ajulikane ana nini. Wakingoja tuktuk akamuuliza Naqiya siku hizi analala vipi. Naqiya akamtazama mkwewe, akamtazama Sista, akainama.

"Chali."

"Chali? Nani kakwambia chali?"

"Hakuna. Wewe wasema kushoto, Mama asema kulia. Nikaona nilale katikati, nisimuudhi mtu."

Sista akashika kiuno, akacheka, kicheko cha mtu aliyetoka kuogopa.

"Mwanangu, umetutii sote wawili, ukafanya kile tusichokitaka hata mmoja." Akamgeukia Kulsumbai. "Mama, mimi nilisema kushoto ni bora. Sikusema kulia ni haramu. Kulia pia mtoto yu salama. Chali tu ndiyo sitaki, miezi hii ya mwisho."

"Na hayo ungeniambia mimi siku ile," Kulsumbai akasema. "Mwanangu wamkalisha wamsomesha, mimi nyuma ya pazia kama kabati."

Sista akamshika mkono. Akasema, "Haki yako, Mama. Niwie radhi." Nje tuktuk ikapiga honi, wakapanda.

Hospitali walimfunga Naqiya mkanda wa mashine tumboni, na moyo wa mtoto ukasikika chumba kizima, kama farasi anayekimbia mchangani. Daktari akatazama, akangoja, akatazama tena, akasema mtoto ni mzima. Akawaonya: akinyamaza tena, wasingoje hata saa, waje. Zoher akayarudia maneno yale bila kuulizwa na mtu.

Naqiya akageuka, akalalia kulia. Kulsumbai akaweka kiganja tumboni, akakaa hivyo muda, macho ameyafumba. Mara mkono ukaruka.

"Yuwacheza," akasema. Akarudisha mkono. "Yuwanipiga mateke, huyu." Machozi yakamshuka, wala hakuyafuta.

Tangu hapo Sista Nasipwondi akiingia nyumba yenye mimba, kabla ya mume, huuliza mama mkwe yuko wapi, aletewe kiti. Lakini siku ile hakufikiri hayo. Alirudi Tononoka kwa miguu, taratibu, akinunua kashata njiani. Ogutu akamuuliza za kutwa. Akasema, "Salama," akampa kashata moja, akavua viatu.