Seva ya Yaya Baada ya Kilio

Kwetu Likasi mtu akifa, vitu vya kwanza kutoka nyumbani ni viti. Wanaume wanabeba kanape, kabati la vyombo, televisheni, wanapeleka nje ili saluni, yaani sebule, ibaki tupu na wamama wakae chini kwenye mikeka. Yaya, kaka yangu mkubwa, alipokufa kwa malaria iliyompanda kichwani, walibeba hata seva yake. Wakaiweka jikoni kwa jirani, kati ya mifuko ya makala, mkaa wa kupikia. Angeiona pale angekufa mara ya pili. Nasema hivyo kwa sababu yeye mwenyewe angecheka.

Seva ilitoka katika ofisi moja iliyokuwa inafungwa, nzito kuliko mahubiri ya pasta wetu. Yaya aliweka Linux, kisha akaigawa makontena. Aliponiona nimekodoa macho, alinieleza kwa mfano wa kiwanja chetu: nyumba kubwa mbele, vyumba vya wapangaji nyuma, kila mpangaji na mlango wake na sufuria yake, lakini wote wanatokea barabarani kwa geti moja. Vyumba ndiyo makontena. Geti ndiyo daraja la mtandao: linayaunganisha yote na tundu la waya nyuma ya mashine, na waya unakwenda kwenye kisanduku cha wifi dirishani. Kontena moja lilikuwa na maswali ya zamani ya mtihani wa serikali, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa mtaa mzima walikuja kujipanga kwenye ukuta wetu na simu zao. Lingine lilikuwa na nyimbo za kwaya. La tatu alinipa mimi, nilibomoe nipendavyo.

Nililibomoa vizuri. Siku moja niliweka humo tangazo, muhuri nimeuchora mwenyewe, kwamba prefe, mkuu wa shule yetu, amesimamisha masomo kwa sababu ya harusi ya mbwa wake. Kuna watu walibaki nyumbani kweli. Yaya hakunipiga. Alifuta kontena, akaniketisha, akanifanya nilijenge upya pamoja na daraja lake, mpaka jina la tundu la kwanza likaniingia kichwani kama sala. Maana mashine ilikuwa na matundu mawili yanayofanana kama mapacha, na daraja alilifunga kwenye la kwanza tu.

Kilio kilipoisha, viti vikarudi, na ukoo ukakaa kugawa vitu vya marehemu. Mashati yakaenda huku, viatu kule. Ilipofika zamu ya seva, baba mudogo, aliyemlea yaya kule Lubumbashi, alisema mbele ya wote kwamba kama ingali inafanya kazi ataipeleka kwa mtoto wake anayesomea kompyuta. Kama imeharibika, ibaki hapa. Hakuna aliyepinga. Neno likishasemwa mbele ya ukoo halimezwi tena.

Wakaiwasha. Ikaunguruma. Lakini kila simu iliyojaribu kufungua maswali ilizunguka weee, bila kitu. Nilichungulia nyuma, nikaona palepale: wajomba walioirudisha walichomeka waya kwenye tundu la pili. Makontena yote yalikuwa hai ndani, ila geti lao lilikuwa halina barabara.

Nikanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilisikia furaha, nikaificha kama mtu mwenye andazi la wizi mfukoni. Waondoke tu. Nitahamisha waya, na yaya atabaki saluni kwetu. Mama alinitazama sana. Mimi nikinyamaza, ananishuku.

Baba mudogo akaweka simu chini.

"Ilisha kufa," akasema. "Inamufwata mwenyewe."

Shangazi akatikisa kichwa, akasema ni kweli, kazi yote ya mtoto ilizikwa naye. Wengine wakaitikia kama amina.

Jeneza nilikuwa nimelivumilia. Udongo nilikuwa nimeuvumilia. Hiyo amina ikanishinda.

"Haiyakufa, baba mudogo."

"Weye, leo hapana. Michezo yako uiache."

"Si michezo. Waya banaiweka fasi mubaya."

Nikapiga magoti, nikachomoa, nikachomeka. Simu ya baba mudogo ikafunguka. Juu ya ukurasa yaya alikuwa ameandika: *Soma kwanza. Maji ya kunywa iko kwa mama.* Baba mudogo akaanza kusoma kwa sauti, akafika kwenye maji, sauti ikamkatika. Wamama wakaanza kulia upya.

Nilingoja aseme basi, ibaki. Kisha akawatazama watu wa ukoo mmoja mmoja, akasema mtoto wake ataitunza vizuri.

Mama alinifuata uani.

"Ulijua tangu mwanzo?"

"Nilijua."

"Na uliona bataibeba?"

"Niliona, mama."

Alinipangusa uso na kitenge chake, kwa nguvu, kama anasugua sufuria.

Gari lilipofika, niliingia chumbani kwa mama nikachukua chupa ya rangi nyekundu ya kucha, ambayo hakuwa ameigusa tangu kilio. Niliinama nyuma ya seva, nikapaka doa moja juu ya tundu la kwanza, nikapuliza mpaka likakauka, ili kule Lubumbashi mtu asije akachomeka vibaya na kusema tena kwamba imekufa.