Gari ya Mama Umutoni

Évode, fundi wa magari pale Kagarama, alikulia Buyenzi kule Bujumbura, na huko ndiko alikookota vitu viwili: ufundi wa gari za gia za mkono, na mdomo usiojua breki. Mdomo huo, jamani, ndio ulioponza kichwa.

Pudentienne, Mama Umutoni, alikuwa akipita gereji kila asubuhi na kupiga honi ya salamu. Siku moja akasimama. Gari yake ya otomatiki ilikuwa inamshtua: kila gia ikibadilika, anapigwa kama teke la mgongoni. Évode akazima injini, akachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, akakiona kimelowa hadi juu.

"Oili imejaa. Ni mguu wako unaokanyaga vibaya, mama."

Angeishia hapo! Wapi! Jumamosi ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa imekwisha na watu wamekaa mkutanoni, akalirudia kwa mzaha: gari ya Mama Umutoni haina ugonjwa, mgonjwa ni dereva. Watu wakacheka mpaka machozi. Gakwaya, mumewe, hakucheka, alimnyang'anya mkewe funguo za gari. Tangu hapo mama wa watu akawa anapita kwa miguu, macho chini.

Kisha Gakwaya mwenyewe akaja na gari. "Fundi, hata mimi inanipiga."

Évode akafungua boneti. Safari hii akaacha injini ikinguruma, imepata moto, akapima tena. Kijiti kikatoka kikavu. Kumbe! Injini ikizimwa, oili hurudi chini ya giaboksi na kuonekana imejaa, kijiti kinadanganya. Yeye alipima otomatiki kwa mazoea ya gari zake za zamani. Akaziba palipovuja, akaongeza oili, gia zikaingia laini, akamweleza Gakwaya kosa lake.

"Tunyamaze tu," Gakwaya akanong'ona. "Maji yakimwagika hayazoleki."

Évode alitamani kunyamaza, nisiwafiche. Lakini kila alipomwona Pudentienne akipanda kilima na mzigo wa soko, uso ulimwaka kwa aibu. Umuganda uliofuata akasimama palepale, kofia mkononi.

"Mama Umutoni anaendesha vizuri. Mimi ndiye sikujua kupima. Nilimsingizia mbele yenu."

Hakuna aliyecheka. Pudentienne hakumtazama hata kidogo. Alimgeukia mumewe, akanyoosha mkono. "Funguo." Gakwaya akazitoa mfukoni, watu wote wakiona.

Jumatatu asubuhi gari ikapita gereji, Pudentienne kwenye usukani, laini kabisa. Évode alikuwa mlangoni, mkono ameshauinua kusalimia. Honi haikulia.