Masikio ya Mume Wangu

Mume wangu alikuwa akipanda nguzo za umeme tangu kabla sijamjua, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukubali kwamba anaumwa. Kichwa kikimgonga, ni jua la njia ya Rutshuru. Usingizi ukimkimbia, ni maharagwe yangu. Maharagwe yamesingiziwa mengi katika nyumba hii, lakini nilinyamaza, maana mtu anayeshinda kando ya nyaya za nguvu kubwa hachokozwi akirudi.

Sifa ndizo zilizomponza. Mtaani kwetu Murara waliamini sikio lake kuliko balbu. Umeme ukikatika, majirani walikuja kumwuliza, naye alisimama chini ya nguzo iliyo karibu na lango, akasikiliza kama nyaya zinalia, akatoa hukumu. Jioni moja akatangaza kwamba umeme umerudi: "Courant iko." Jirani yetu mshonaji akakimbia kuchomeka pasi, akanyunyizia maji suruali ya mteja, akasubiri. Wapi! Giza lilikaa mpaka asubuhi. Wiki ile alitangaza tena na tena, na kila mara alishikilia kwamba amesikia mlio. Mshonaji akaanza kumwita papa nabii, yaani baba nabii. Mimi nilicheka kuliko wote.

Aibu ile ndiyo iliyomfikisha kwa daktari. Alikubali kwa sharti kwamba nisiseme neno, lakini nilisema yote. Daktari akamchungulia masikio, akamwuliza mlio ule huja saa ngapi. Mume wangu, ambaye mimi hajawahi kunijibu swali moja kwa moja, akasema upo muda wote, hata sasa. Nikauliza kama ni umeme uliomwingia mwilini kidogo kidogo. Daktari akasema hata wataalamu hawajamaliza kubishana juu ya hilo. Inaweza kuwa umri, inaweza kuwa kelele za kazi. Alichokijua kwa hakika ni kwamba mlio ulikuwa ndani ya masikio yake.

Tulirudi kwa pikipiki moja, mimi nimebanwa katikati, na nyuma yangu mgonjwa anapiga mluzi. Nyumbani akanieleza furaha yake. Mafundi wana kifaa cha kupimia waya, lakini yeye hukiona ni cha wanafunzi. Kazi yake yote ameifanya kwa sikio. Waya unaolia hauguswi. Siku hizi kila waya ulikuwa ukimlilia, hata uliozimwa, na wenzake walianza kumwona mwoga. Sasa angewaonyesha.

"Ile ni ya mu kichwa tu," akaniambia. "Sitaifwata tena."

Kicheko kikanikauka. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa tangu anioe.

"Na siku waya italia kweli, papa, utajua namna gani?"

Alikaa akitazama viganja vyake mpaka chai ikapoa. Asubuhi alikwenda kwa mkubwa wake akaomba kazi ya chini, na wakamweka stoo, kutunza kamba na mikanda ya wenzake wanaopanda. Aliniambia habari hiyo akivua viatu, kwa sauti ya mtu anayesema mvua imenyesha.

Kila siku ya ndoa yetu nilimwombea ashuke salama. Siku aliposhuka kabisa, nilijifungia jikoni nikalia kwa kumhurumia.