Nusu Kichwa kwa Mama Chapuchapu

Msusi huyu walimwita Mama Chapuchapu, na wala si kwa wepesi wa mikono. Jina lilimganda kwa sababu kila mteja aliyelalamika alijibiwa, "Kaa kidogo dada'ngu, chapuchapu nakumaliza." Hicho kidogo chake, jamani, ungeweza kwenda kwako, ukapika, ukala na usingizi ukakuchukua.

Ujanja wake ulikuwa huu. Mteja akiingia, hata kama wengine wamejaa, anakalishwa, anachanwa, anasukwa mistari michache ya mbele, kisha anaachwa hapo. Keshanaswa. Nani atatoka barabarani mbele kasukwa, nyuma nywele timtim? Ng'ambo ya barabara palikuwa na msusi mwingine, aliyeshika mtu mmoja mpaka amalize. Mama Chapuchapu alimcheka sana. "Yule atazeeka na adabu zake," alisema.

Siku hiyo akaja wifi yake, dada wa mumewe, roho juu. Tangu kiwanda kifungwe alikuwa anakaa tu nyumbani, na sasa hoteli imemwita kwenye usaili wa kazi ya mapokezi, saa nane mchana.

"Wifi, nakuomba, leo usinifanye kama wateja wako."

"Wewe? Dada wa mume wangu? Kaa hapo, maneno gani hayo!"

Akaanza vizuri kabisa. Mara akaingia mama mmoja mwenye duka la vitambaa, Mama Chapuchapu vidole vikaanza kumwasha. "Nimshike huyu asije akaondoka, narudi." Hajarudi, kaingia bibi harusi mtarajiwa na shoga zake. Basi ikawa kuruka kiti hadi kiti, kitana mdomoni, mara huyu, mara yule. Wifi akatazama saa, akatazama kioo, akatazama saa tena.

"Wifi, muda."

"Chapuchapu, mama."

"Wifi, nachelewa!"

"Nakuja! Kwani hoteli itahama?"

Wifi akasimama. Hakugomba. Alivua taulo la mabegani, akalikunja, akaliweka kitini, akatoka na nusu kichwa mchana kweupe. Mteja mmoja akaangua kicheko.

"Atarudi," Mama Chapuchapu akasema, naye akicheka. "Aende wapi na kichwa kile?"

Hakurudi. Na hapo ndipo kicheko kilipomkauka. Saa nane ikafika, ikapita. Akamsuka bibi harusi, mstari ukaenda upande, akaufumua, ukaenda upande tena. Akatoka mlangoni, akachungulia barabara, akarudi, akasahau alikuwa na kichwa cha nani. Simu ya wifi haipokelewi. Akiikosa kazi ile, mumewe atamwambia nini? Mama mkwe je, ambaye hasahau? Loo, alijichukia, asikudanganye mtu. Wateja walimsemesha, akawa anaitikia ovyo.

Jua likiwa linashuka, mlango ukasukumwa. Wifi huyo, meno yote nje!

"Wifi, nimepata! Naanza Jumatatu!"

Mama Chapuchapu alitupa kitana, akamrukia, akamkumbatia, machozi yakimtoka. Alimshika kichwa amvutie begani, na vidole vyake vikagusa kisogo. Mistari. Midogo, imenyooka, imekazwa vizuri. Si mkono wake.

"Nani kakumalizia?"

"Mwenzako wa ng'ambo. Alikuwa na mteja kitini. Walivyoniona tu, yule mteja mwenyewe akanipisha."

Mama Chapuchapu aliwatoa wateja waliobaki, akafunga mlango, akakifuta kiti kwa khanga yake mwenyewe.

"Kaa, wifi yangu. Nifumue ule upande wake, nikusuke upya, kichwa kiwe cha mkono mmoja. Leo haingii mtu hapa, naapa."

"Kitakuwa cha mkono mmoja, usijali," wifi akamjibu kwa upole na tabasamu, mapokezi hasa. "Kaniambia kesho niwahi asubuhi, anifumulie huu wako."